Kambare Saba na Chazo wa Uongo

Mimi ni Mbajuni anayetapika baharini. Nalisema mwenyewe mapema, maana nisipolisema mimi atalisema mwingine, na ataliongezea. Baba yangu mvuvi, babu yangu mvuvi, mjomba wangu aunda mashua kisiwani kwetu Chovae, na marehemu bibi yangu alikuwa akipiga kasia mwenyewe kwenda kumpa mtu pole kisiwa cha pili na kurudi kabla ya alasiri. Mimi nikiiona mashua imefungwa tu, inacheza kidogo majini, mate yananijaa kinywani. Nimejaribu ndimu. Nimejaribu tangawizi. Nimetafuna pilipili mbichi mpaka masikio yakawaka moto. Nimesomewa, nikapewa maji ya dua ninywe, nayo nikayatapika.

Mara ya mwisho baba aliponichukua nilikuwa na miaka kumi na minne. Tulifika karibu na kisiwa cha Fuma. Akaniangalia nilivyolala juu ya nyavu, rangi imenitoka, akasema taratibu, bila hasira yoyote, na heri angenipiga: "Haya, turudini." Wakarudi wanaume wanne na mashua tupu kwa sababu ya tumbo langu. Tangu siku hiyo mimi na baba hatukuzungumza tena habari za bahari, na kwetu ukiondoa bahari mazungumzo yanabaki machache sana.

Nikaja Kismayo, nikajifunza kutengeneza simu, nikafungua duka, nikaoa. Nikimpigia baba, ataniombea dua, ataniuliza mke wangu hajambo, ataniuliza kama mvua imenyesha. Kazi yangu hakuniulizia hata siku moja. Kwake yeye simu ni kitu cha kuambiana fulani amekufa. Mwanamume atakaaje kutwa nzima akiichokonoa kwa kibisibisi, hilo hakulielewa, wala hakujisumbua kulielewa.

Sasa mtu kama mimi akianza kufuga samaki sebuleni, si anajitafutia maneno? Nayo maneno niliyapata.

Tangi lenyewe la kioo nilipewa na kinyozi jirani aliyekuwa anahama. Nilitaka kulifanya kabati la kupangia simu. Lakini likakaa pale tupu, na mimi nina ugonjwa wa kutazama video, nikaanza kutazama watu wa nchi za mbali wanaofuga samaki kwenye vioo. Wa rangi rangi sikuwapenda, niliwaona wanajishaua. Waliouteka moyo wangu ni kambare wadogo sana, urefu wa kidole gumba, wa mito ya Amerika Kusini. Mteja wangu mmoja, mama wa Kisomali anayekwenda Nairobi kununua nguo, nikambembeleza mpaka akakubali. Akaniletea saba, ndani ya mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, kwenye kikapu, chini ya madera. "Waryaa," akaniambia akinikabidhi, "mwaka wa ishirini nasafiri na mizigo, leo ndiyo mara ya kwanza mzigo wangu kunikodolea macho."

Nikawawekea mchanga laini wa mtoni, maana kambare hao hutafuta chakula chini kwa ndevu zao, na mchanga mkali huwakata. Nikawawekea pampu ya hewa inayokwenda kwa betri na sola, hiyo nikaiunda mwenyewe. Maji ndiyo kazi. Visima vya mtaa wetu vina chumvi chumvi, na kambare hawa ni wa maji tamu, chumvi kwao ni sumu. Kwa hiyo nikawa nawachotea katika pipa la maji ya mvua ambalo mke wangu huchota humo maji ya chai na ya kupikia wali, na kila nikilifunua lile pipa nasikia mtu anakohoa jikoni.

Kisha kuna habari ya kitoweo. Kwetu, samaki akiingia nyumbani kwako, jirani ana haki yake. Haijaandikwa popote, lakini mtu akikosa kitoweo na wewe unacho, humrudishi mikono mitupu. Basi jirani yetu, bibi mmoja mjane, akasikia kuwa kwangu kuna samaki. Akaja na bakuli.

"Ndio hawa?" akauliza, akitazama kioo.

"Ndio, bibi. Lakini si wa kula."

"Wana sumu?"

"Hawana."

"Wametoka wapi?"

"Amerika."

"Umeagiza samaki Amerika, hawana sumu, na huwali." Akamgeukia mke wangu. "Mumeo hajambo?"

"Hajambo kidogo," mke wangu akamjibu.

Kesho yake mtaa mzima ukajua kwamba mimi ni bahili, nimeficha samaki kwenye sanduku la kioo nisije nikawagawia majirani. Mke wangu ikabidi ampelekee bibi yule kipande kizima cha nguru kufuta aibu. Aliporudi alisimama mbele ya tangi akasema, "Nyumba hii imekuwa ya kambare kweli. Baba ndevu, mama ndevu, mtoto ndevu. Hakuna anayejua mkubwa ni nani." Nikanyamaza, maana alikuwa na kisu mkononi na nguru aliyebaki alikuwa hajakatwa.

Lakini wallahi niliwapenda wale kambare. Wanatembea pamoja chinichini, wanachimba, wanasukumana, kama wazee wanaotafuta shilingi iliyoanguka msikitini. Ghafla mmoja anakumbuka jambo, anapanda mbio mpaka juu, anapiga funda moja la hewa, anashuka mbio na kuendelea na kazi kana kwamba hakuondoka. Macho yao huzunguka, na mara nyingine utaapa mmoja amekukonyeza. Nikitoka dukani kichwa kimejaa simu zilizoanguka chooni, nakaa mbele yao nusu saa, roho inatulia. Mbele yao sikuwahi kusikia kichefuchefu hata siku moja, na hiyo ndiyo bahari niliyoiweza.

Baada ya miezi kadhaa yule mama akaniletea wa nane, ambaye ni kambare pia wa huko huko lakini wa kabila jingine. Huyu hana habari na mchanga. Mdomo wake ni wa kunyonya. Hugandama kwenye kioo, akakaa hapo kutwa akila ukijani. Tukamwita Mnyonyaji. Huyu ndiye aliyeniponza.

Baba alikuja mjini kwa ajili ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemshika pande zote mbili, na kulikuwa na madaktari wanaokuja kupasua kwa zamu. Alishuka na kapu la ng'onda, samaki wa kukaushwa, na fimbo asiyoipenda, nikambusu mkono, akanipapasa uso kujua kama ni mimi. Nyumbani aliuliza ile sauti ya maji yanayochemka ni ya nini. Nikamwambia ni pampu, nafuga samaki.

"Wa kula?"

"Wa kutazama, baba."

"Samaki wa kutazama," akasema, kama anayerudia jina la ugonjwa ambao hajapata kuusikia. Akasogea kwa adabu tu, ya mgeni. Akaweka pua kwenye kioo. Kambare hakuwaona, wako chini na rangi yao ni ya mchanga. Alichokiona ni kivuli kimoja kimegandama kwenye kioo mbele ya jicho lake, hakitikisiki. Akagonga kwa ukucha. Kivuli hakikutoka. Akagonga tena.

"Chazo," akasema.

Kwa asiyejua: chazo ni samaki wa baharini ambaye, kwa kisahani kilicho utosini mwake, hugandama kwenye papa, kwenye kasa, hata kwenye mashua, akabebwa bure. Wazee wetu wa zamani walikuwa wakimvulia kasa. Wanamfunga kamba kwenye shina la mkia, wakimwona kasa wanamwachia, chazo anakwenda kumgandama, nao wanavuta kamba polepole. Babu yangu alikuwa fundi wa kazi hiyo. Siku hizi hakuna anayeifanya, na kasa wenyewe wameachwa wapumzike. Baba aliiona akiwa mtoto mdogo, akashika kamba kwa mkono wake, na katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akikitaja kitu chochote kwa sauti aliyomtajia chazo.

"Mwanangu," akasema, na mkono wake ukanitafuta hewani mpaka ukanipata bega. "Umefuga chazo. Ndani ya nyumba. Subhanallah. Na mimi nikadhani kwako hakuna kitu."

Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Baba hakuwa amewahi kunishika bega vile. Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia la chai, akanitazama, akangoja niseme. Nikafungua kinywa nikasema, "Kunywa chai, baba, isipoe."

Hapo ndipo uongo ulipozaliwa. Sikusema ndiyo. Lakini la nayo sikuisema.

Kesho yake alikwenda msikitini na swala ya adhuhuri ilipokwisha msikiti mzima ukajua. Jioni akaenda kukaa na wavuvi kwenye soko la samaki, nao wakajua. "Mwanangu afuga chazo. Yule yule wa simu. Mchu asione mchu akamdharau. Damu haipotei." Mchu kwetu ndiye mtu. Alikuwa akila nusu sahani, sasa akawa anamaliza sahani nzima. Asubuhi nikiamka namkuta ameketi mbele ya tangi, anamwamkia Mnyonyaji kwa heshima, maana babu alikuwa akiwasemesha chazo wake hivyo. Na mimi akaanza kuniuliza mambo! Nilimpata wapi. Namlisha nini. Mkono wangu mwepesi au mzito. Miaka ishirini na minne sikuulizwa, sasa naulizwa mpaka nakosa pumzi.

"Mwambie," mke wangu akasema.

"Kesho."

"Njia ya mwongo fupi."

"Mbona yangu inakwenda tu?"

"Inakwenda ukutani," akasema.

Siku ya tano baba alifanya jambo ambalo mvuvi yeyote angelifanya siku ya kwanza: alitia kidole kwenye tangi akakilamba. Akaruka. "Maji tamu! Ebo! Chazo kwenye maji tamu? Wamuua!"

Sasa nifanyeje? Nikaanza kusuka. Nikamwambia huyu bado mchanga, anakuzwa kwanza kwenye maji tamu ngozi ilainike, ni utaalamu mpya, ndivyo wafanyavyo huko ng'ambo. Nikajisikia ninavyosema, nikajionea haya. Baba akainamisha kichwa, akanung'unika kwamba ng'ambo wana mambo. Nikadhani yamekwisha.

Mzee huyu, kuupata mlango wa choo changu alihitaji kushikwa mkono. Lakini siku iliyofuata, mimi nikiwa dukani na mke wangu kwa jirani, alichukua dumu la lita kumi na fimbo yake, akafuata pua yake mpaka pwani, akachota maji ya bahari, akarudi bila kujikwaa. Niliporudi kula nikamkuta ameinama juu ya tangi, anamimina kwa kata, polepole, kwa huruma, anasema, "Kunywa, baba, kunywa, ndiyo nyumbani kwenu."

Kambare wangu walikuwa juu wote saba, wanapiga mafunda ya hewa mfululizo kama watu waliofungiwa jikoni na moshi. Mmoja amelala ubavu. Mnyonyaji ameachia kioo.

Nilipiga ukelele. Mimi, niliyelelewa kwamba sauti ya mtoto haipandi juu ya sauti ya mzazi, nilimpigia baba yangu kelele: "Toa mkono! Toa! Utawaua wote!" Nikamnyang'anya kata. Nikaanza kuchota yale maji na kuyamwaga sakafuni, nakimbilia pipa la mvua, nachota, natia, nachota, natia, mpaka nikasikia kata inakwaruza chini ya pipa. Mke wangu akaingia akakuta sebule bahari, pipa tupu, mume amelowa, baba mkwe amesimama ukutani mikono imening'inia.

"Chai ya jioni nani ataileta?" akauliza. Akaenda kutafuta gari la punda la maji mwenyewe.

Yule aliyelala ubavu aliinuka alasiri. Nilikaa naye muda wote huo. Baba hakusogea tena karibu. Alipomaliza kuswali akaniita, akaniketisha, akasema maneno ambayo mpaka leo yakinijia nikiwa njiani nasimama.

"Nisamehe, mwanangu. Chombo kina nahodha mmoja. Nimeshika usukani usio wangu."

Lahaula! Baba yangu ananiomba msamaha mimi, kwa kuuharibu uongo wangu. Heri ardhi ingenimeza. Hapo hapo ningemwambia, kinywa kilikuwa tayari, naye akaongeza: "Nimewaalika wazee waje kumwona Alhamisi. Jicho moja litakuwa limefunguliwa. Nataka siku ya kwanza ya kuona nimwone chazo wa mwanangu, na wao wanione nikimwona."

Katika wazee hao alikuwamo mmoja wa kisiwa cha Koyama. Huyo na baba wamependana na kuchukiana tangu ujana wao, wamegombania mashindano ya mashua, wamegombania bei ya kamba, hawajapata kukubaliana hata juu ya siku mwezi ulipoandama. Babake naye alikuwa na chazo. Na yeye mwenyewe macho yake mazima. Angeweza kumtambua chazo kutoka upande wa pili wa barabara.

Jumatano baba akapasuliwa jicho la kulia. Alhamisi asubuhi tulikaa kwenye benchi la hospitali tukingoja kitambaa kitolewe, nikajiambia ni sasa au kamwe.

"Baba."

"Naam."

"Yule samaki..."

"Amekula?"

"Amekula."

"Alhamdulillahi."

Huo ndio ukawa ujasiri wangu wote. Muuguzi akamwita, akamfungua taratibu. Baba akapepesa jicho, likatoka machozi, akamtazama muuguzi, akamshukuru. Kisha akanigeukia mimi. Akanitazama sana. "Mbona una mvi?" akasema. Akashuka chini. "Na tumbo hili ni la nani?"

Njia nzima alikuwa anasoma mabango kwa sauti. Nyumbani alimtazama mke wangu akamwambia mashallah, akautazama ukuta akaniambia rangi imebabuka. Kisha akaenda kwenye tangi. Mnyonyaji, kwa bahati yake mbaya na yangu, siku hiyo alikuwa amegandama kioo cha mbele kabisa, tumbo kwetu, mdomo umebanwa mzima mzima, unatafuna. Hakukuwa na pa kujificha.

Baba akainama. Akainuka. Akainama tena. Akaweka kidole juu ya utosi wake mwenyewe, pale ambapo chazo ana kile kisahani chake cha kugandamia. Akakishusha kidole polepole mpaka mdomoni pake. Akakiacha hapo.

Hakunitazama. Na mlangoni tukasikia, "Hodi hodi! Chovae mpo?"

Wakaingia watatu. Wawili walikuwa watu wapole, wakaketi, wakapewa kahawa na kaimati. Wa Koyama hakuketi. "Yuwapi?" akasema, anasugua mikono. "Yuwapi huyo chazo wa mjini?"

Nikamtazama baba. Uso wake ulikuwa umefungwa, sikuona kitu. Niliogopa, na nisifiche: niliogopa kulipoteza lile bega lililoshikwa kuliko nilivyowahi kuogopa bahari. Lakini nikaona kwamba nikinyamaza sasa hivi, atakayechekwa ni yeye. Nikasimama kati ya wazee na kioo.

"Wazee wangu, si chazo," nikasema. "Ni kambare wa mtoni, wa maji tamu. Chazo hajawahi kuingia nyumba hii. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, hakuona. Mimi niliona, nilijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Nimemdanganya baba yangu. Kosa ni langu peke yangu."

Kisha mzee wa Koyama akachungulia kando ya bega langu, akamwona Mnyonyaji na mdomo wake, akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Chovae mwafuga kambare! Samaki wa tope! Wachu wamezunguka mji mzima wakisema chazo, chazo, kumbe kambare! Tuleteeni ugali basi!" Wale wapole wawili walijitahidi, lakini kahawa iliwatokea puani.

Baba akangoja. Alipoona kicheko kimepungua akaniuliza, sauti ya kawaida kabisa, "Ana muda gani humu?"

"Miezi minane, baba."

"Na hao wenye ndevu chini?"

"Hao mwaka na zaidi."

Akamgeukia mwenzake. "Babako alikuwa na chazo. Alikaa nao siku ngapi kabla hawajafa?"

Mzee wa Koyama akafuta macho. "Siku mbili. Mmoja siku tatu."

"Wa babangu hakumaliza siku ya nne hata mmoja. Na wale walikuwa baharini, maji ni yao, na wazee wetu walikuwa mafundi." Akanyoosha fimbo kwenye kioo. "Mimi na wewe tumeua samaki miaka hamsini. Nitajie mmoja uliyemweka hai mwezi mmoja."

Mzee wa Koyama alifikiri. Unaweza kumcheka mtu wa Koyama kwa mengi, lakini swali la haki hujibu kwa haki. "Sina," akasema.

"Miezi minane," baba akasema. "Kwenye sanduku. Mjini. Na chumvi nimemtilia mimi mwenyewe, lita nane, na hakufa."

Mzee wa Koyama akakaa chini, kwenye sakafu kabisa, akasogeza uso. "Huyu mwenye ndevu amenikonyeza," akasema baada ya muda. Kisha akasema, "Wala nini hawa?" Kisha akataka kujua kwa nini wanapanda juu mbio, na kama dume na jike hujulikana, na pampu inakula betri kiasi gani. Walikaa mpaka adhana ya magharibi. Kaimati ziliisha, mke wangu akakaanga nyingine.

Nikadhani basi nimesalimika. Ala! Mbele ya watu baba alinitetea, na watu walipotoka akaninunia. Siku tatu hakunisemesha. Nikimsalimu anaitika kwa kikohozi. Chakula anaomba kwa mke wangu. Kutwa ameketi mbele ya tangi, jicho moja bado lina ukungu na moja wazi, na kambare ndio wenziwe. Mimi nikiingia ananyamaza, nikitoka nasikia anawahadithia. Mke wangu akasema niache, mzee ana haki ya kununa. Niliacha, lakini nilikonda. Lile tumbo alilolikejeli lilipungua lenyewe.

Siku ya nne nilirudi kutoka dukani nikamkuta pale pale. Akasogeza mkeka kidogo kwa mguu. Nikaketi. Akaniuliza, uso wake ukiwa bado kwenye kioo:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi, baba. Hujapata kunifurahia vile. Niliogopa nikikuambia utaacha."

Kambare mmoja akapanda juu, akapiga funda lake, akashuka. Baba akamfuata kwa jicho mpaka chini.

"Chazo nimewaona wengi," akasema. "Nimekwenda msikitini nimesema, nimekwenda sokoni nimesema, kila mchu nimemsimamisha njiani nikamwambia: mwanangu afuga chazo. Katika maneno hayo matatu, wewe wadhani lililokuwa tamu kinywani mwangu ni lipi?"

Nililia, na yeye akaniacha nilie, akaendelea kuwatazama samaki mpaka nilipomaliza.